Betri tatu zilikufa, nikamshuku shemeji yangu

NDUGU msomaji, kama unafanya biashara ya mpakani kwa pikipiki, bila shaka umewahi kuamka alfajiri, ukabonyeza starta, ukasikia mlio mmoja mdogo kisha kimya. Jana jioni chombo kilikuwa kizima. Usiku hakuna aliyekigusa. Asubuhi taa haiwaki, honi hailii, mzigo umefungwa, na soko halimsubiri mtu.

Mimi yalinikuta mwaka 2019. Ndani ya miezi saba nilinunua betri tatu. Lakini fedha hazikuwa hasara kubwa kuliko zote. Kabla sijajua ugonjwa uko wapi, nilikuwa nimekwisha kumtuhumu ndugu wa mke wangu, mbele ya watu, kwamba ananiibia. Nasimulia leo ili mwenzangu aliyerejea nyumbani, au anayehangaika kati ya Manyovu na Mugina kila wiki, asipite njia hiyo niliyopita mimi.

Mimi ni miongoni mwa waliorudi Burundi kambi ya Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Shemeji yangu hakuwahi kukimbia. Alibaki Mabanda miaka yote, na tuliporudi yeye ndiye aliyetupa chumba cha kuanzia maisha. Baadaye tukachanga fedha, mimi za biashara na yeye za mawese, tukanunua pikipiki ya cc 125 iliyokwishatumika. Mimi niliitumia siku za soko, kubeba ndagala kutoka Nyanza-Lac kupanda hadi Mabanda na Mugina. Siku nyingine yeye alibeba abiria. Usiku ililala kwake, kwa kuwa ana stoo yenye kufuli.

Wote mnajua maneno yanayopita kati ya waliobaki na waliorudi. Huyu anasema yule amekuja kuchukua, yule anasema huyu amekwishachukua. Sisi wawili tulijiona tumeyavuka. Kumbe yalikuwa yamelala tu, yakisubiri sababu. Sababu ikawa betri.

Jioni nzima, asubuhi imekufa

Betri ya kwanza niliyonunua ilidumu kama miezi mitatu. Nikasema ni feki. Ya pili haikufika hata miezi miwili. Hapo nikaanza kuwaza. Jioni nikimkabidhi shemeji pikipiki, starta inafanya kazi. Asubuhi nikiichukua, imekufa. Kitu gani kinatokea usiku ndani ya stoo ambayo ufunguo wake anao yeye peke yake?

Nikajijibu mwenyewe: anatoa betri yangu mpya na kuweka ya zamani. Siku moja nilipokwama na kapu la ndagala mvua ikinyesha, hasira zilinipanda, nikayasema hayo kijiweni mbele ya waendesha pikipiki wenzake. Alinitazama, akasema, "Shemeji, mimi?" Akanipa ufunguo wa pikipiki, akaondoka kwa miguu. Kwa wiki tano hatukusalimiana, na mke wangu aliacha kwenda kwa kaka yake kwa aibu.

Nikanunua betri ya tatu. Safari hii niliikwaruza alama kwa msumari upande wa chini, nikaihamishia pikipiki chumbani kwangu, nikalala nayo mlango umefungwa. Mwezi mmoja ukapita. Asubuhi moja nikabonyeza starta: kimya. Nikaigeuza betri, alama yangu ipo palepale. Mwizi alikuwa ndani ya chumba nilimolala, na hakuwa binadamu.

Fundi na mita yake

Siku hiyo nikaisukuma pikipiki hadi kwa kijana mmoja fundi wa umeme wa pikipiki hapo Mabanda. Nilimwambia, "Fundi, nitafutie betri nyingine, hii nayo ni feki." Hakutafuta betri. Alitoa mita ya kupimia umeme, ile ndogo yenye waya mwekundu na mweusi, akaniambia, "Mzee, betri ni kama mtungi. Ukikuta mtungi mtupu asubuhi, usivunje mtungi. Uliza kwanza: ulijazwa? Unavuja? Au umepasuka?"

Maswali hayo matatu ndiyo somo lote. Betri ikifa, ama haikuchajiwa na injini, ama kuna kitu kinaifyonza pikipiki ikiwa imezimwa, ama betri yenyewe imekwisha. Mafundi wengi wa barabarani huanza na la tatu, maana ndilo rahisi kwao na ghali kwako. Fundi huyu alipima yote matatu kwa muda usiozidi nusu saa.

Lakini kabla ya mita aliangalia kwa macho. Vichwa vya betri vimekaza au vinacheza? Kuna unga mweupe au wa kijani? Fyuzi ni nzima, au ni waya uliosokotwa na mtu? Waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi umeshika chuma kisafi, au rangi na kutu? Betri nyingi hutupwa bure kwa sababu ya nati moja iliyolegea. Wengine husugua waya kwenye vichwa vya betri ili waone cheche. Usifanye hivyo. Cheche haisemi betri imejaa kiasi gani, na betri inayochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka usoni.

Kipimo cha kwanza: betri ikiwa imetulia

Weka mita kwenye volti za betri, yaani za umeme wa moja kwa moja. Ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Pima asubuhi kabla hujagusa ufunguo. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ikisoma 12.0 kushuka chini, imekaribia kuisha.

Betri hiyo ina vyumba sita ndani yake, kila kimoja kina volti 2 na kidogo. Ukiichaji ipasavyo, ukaiacha itulie, na bado ikakaa kwenye 10.5, chumba kimoja kimekufa. Hiyo haina dawa, nunua nyingine.

Kisha bonyeza starta huku ukitazama mita. Kushuka ni kawaida, lakini ikishuka chini ya 9.5 hivi ilhali mwanzoni ilisoma vizuri, betri imechoka ndani. Yangu asubuhi ile ilisoma 11.7. Fundi hakusema ni mbovu. Aliichaji polepole kutwa nzima, nikarudi kesho yake ikiwa inasoma 12.6. "Umeona?" akasema. "Mtungi haujapasuka."

Kipimo cha pili: injini ikiwaka

Hapa ndipo unapojua kama pikipiki inachaji. Ncha za mita zikiwa palepale kwenye betri, washa injini, kisha vuta mafuta hadi mwendo wa kati. Volti lazima zipande. Pikipiki nyingi nzima husoma kati ya 13.5 na 14.8. Washa taa kubwa, bado zinatakiwa zibaki juu ya 13.

Zikibaki 12 na kitu na kuendelea kushuka, injini haiichaji betri. Zikipita 15, una balaa la upande mwingine: betri inapikwa, maji yanakauka, na balbu zinaungua moja baada ya nyingine. Mwenye pikipiki ya namna hiyo hulaumu balbu feki, kama nilivyolaumu betri.

Yangu ilisoma 13.0 hata nilipovuta mafuta. Ilikuwa inachaji, lakini kwa unyonge.

Umeme huo hutoka wapi? Ndani ya injini kuna magneto: sumaku zinazozunguka na koili za waya wa shaba. Koili hutoa umeme unaogeuka-geuka, ambao betri haiwezi kuupokea. Basi unapita kwanza kwenye kidude cha alumini chenye mapezi ya kupozea, kinachoitwa regulata, na wengine hukiita rektifaya. Kazi zake ni mbili: kuugeuza umeme uende upande mmoja, na kuuzuia usizidi kipimo. Ndani yake mna vijilango ambavyo umeme huingilia kwenda kwenye betri na haurudi. Kumbuka hivyo vijilango.

Tahadhari moja. Kuna mafundi ambao, ili wajue kama pikipiki inachaji, hung'oa waya wa betri injini ikiwa inawaka. Ikizimika, wanasema haichaji. Usikubali mtu akufanyie hivyo. Bila betri kuutuliza, umeme unaweza kuruka juu ghafla, ukaunguza regulata, balbu, na hata CDI. Utakuwa umefika na ugonjwa mmoja, ukaondoka na mitatu.

Kipimo cha tatu: pikipiki imezimwa

Hiki ndicho kilichonitoa jasho. Fundi alizima kila kitu, akatoa ufunguo. Akafungua waya wa hasi kwenye betri. Akahamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, kisha akaweka ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye ule waya aliofungua, ili umeme wowote unaotoka upite ndani ya mita. Pikipiki ndogo isiyo na alamu inatakiwa isome sifuri, au karibu kabisa na sifuri. Yenye alamu itasoma miliampea chache. Ukifanya kipimo hiki usiwashe ufunguo wala usibonyeze starta, utaunguza mita.

Yangu ilisoma ampea 0.21.

"Kidogo tu hicho," nikasema. Fundi akacheka, akachukua kipande cha mkaa, akanipigia hesabu ukutani. Betri yangu ilikuwa ya ampea 5 kwa saa. Kwa saa 12 za usiku, 0.21 mara 12 ni 2.5. Nusu ya betri, kila usiku! Mchana inachajiwa kwa unyonge, usiku inamwagwa nusu. Betri mpya iliyotoka dukani imejaa inavumilia wiki kadhaa, halafu inaanza kulala tupu. Na betri ya risasi na asidi ikiachwa tupu, bamba zake huota chumvi ngumu, haipokei tena chaji. Ndivyo nilivyoziua mbili za kwanza. Zilikuwa halali kabisa.

Ikabaki kumtafuta mfyonzaji. Mita ikiwa palepale, fundi alichomoa kitu kimoja baada ya kingine. Chaja ya simu niliyofunga kwenye usukani: mita haikusogea. Waya wa taa za nyongeza: haikusogea. Soketi ya swichi ya ufunguo, ambayo maji ya mvua hupenda kuingia: haikusogea. Alipochomoa soketi ya regulata, mita ikaanguka hadi 0.00. Akairudisha, ikapanda 0.21. Akaichomoa tena, sifuri.

Mwizi alikuwa huyo. Kijilango kimoja ndani ya regulata kilikuwa kimeharibika. Usiku umeme wa betri ulirudi kinyumenyume kupitia humo, ukapita kwenye koili, ukamalizikia kwenye bodi. Na kwa kuwa kijilango hichohicho ndicho kinachotakiwa kuchaji mchana, chaji nayo ikawa nyonge. Tulifunga regulata mpya. Injini ikiwaka mita ikasoma 14.2, ikizimwa ikasoma sifuri. Betri ile ya tatu yenye alama ya msumari ilinifanyia kazi miaka iliyofuata.

Kama si regulata

Si kila pikipiki itakuwa na ugonjwa wangu. Volti zikigoma kupanda, regulata inaweza kuwa nzima na koili ndiyo imeungua. Kwenye pikipiki zenye waya tatu za njano kutoka kwenye magneto, chomoa soketi, washa injini, weka mita kwenye volti za umeme unaogeuka-geuka, na upime waya mbili mbili. Vipimo vyote vitatu vinatakiwa vilingane, na vipande ukivuta mafuta. Kimoja kikiwa chini sana, koili imekwisha. Injini ikizimwa, hakuna waya hata mmoja kati ya hizo tatu unaotakiwa kuwa na mgusano na bodi. Lakini kwenye pikipiki nyingi ndogo upande mmoja wa koili umefungwa kwenye bodi tangu kiwandani, kwa hiyo kipimo hicho cha mgusano kisikudanganye.

Angalia pia soketi yenyewe. Plastiki iliyoyeyuka au kuwa na rangi ya kahawia ni dalili kwamba waya haukushika vizuri, ukapata joto.

Tena, wengi wetu tunajiua wenyewe kwa taa za nyongeza. Magneto ya pikipiki ndogo haina nguvu za kugawa ovyo. Taa mbili za wati 20 kila moja hula zaidi ya ampea 3. Ukiziwasha umesimama unapakua mizigo, betri ya ampea 5 inaisha kabla ya saa mbili. Hapo usiseme kuna ugonjwa.

Na kiki imetudanganya wengi. Pikipiki nyingi ndogo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa, kwa kuwa moto wa plagi hutoka moja kwa moja kwenye magneto. Basi tunapiga kiki, tunaondoka, tunajifariji. Wakati huo betri inaharibika, na usiku barabarani taa inafifia kila ukipunguza mwendo. Barabara ya kuteremka kutoka Mabanda kwenda Nyanza-Lac si mahali pa kukosa taa.

Ukinunua betri ng'ambo

Wafanyabiashara wenzangu, najua wengi mnanunua vipuri upande ule ambao bei ni nafuu wiki hiyo. Si vibaya. Lakini betri ina mambo yake. Garantii ya duka la Kigoma ni karatasi tu kama kuirudisha kunakugharimu kilomita 60 hivi kutoka Manyovu, nauli na siku nzima ya kazi. Kwa hiyo pima kabla hujalipa. Betri iliyofungwa, isiyoongezwa maji, ikisoma chini ya 12.4 dukani, imekaa rafuni muda mrefu. Chagua nyingine.

Ile inayojazwa asidi mbele yako isifungwe kwenye pikipiki papo hapo. Iache itulie, kisha ichajiwe polepole mara ya kwanza, kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Betri ya ampea 5 inachajiwa kwa nusu ampea. Mwenye chaja kubwa ya gari anayekuahidi kuijaza kwa nusu saa anakupunguzia umri wa betri. Baadaye maji yakipungua, ongeza maji safi ya betri, si asidi. Chupa hizo mbili hufanana, soma maandishi. Asidi ikikugusa, osha kwa maji mengi papo hapo. Na betri iliyokufa usiimwage shambani wala kijitoni, ina risasi, na risasi ni sumu.

Nilivyorudi kwa shemeji

Siku regulata ilipofungwa sikwenda nyumbani. Kwa desturi zetu maneno mazito hayapelekwi mikono mitupu, nikabeba kibuyu cha urwarwa, nikamchukua mke wangu, tukaenda. Pia nilimwomba fundi anikopeshe mita yake na ile regulata mbovu.

Nilimweleza shemeji yote, hadi hesabu ya mkaa ukutani. Nikamwambia kwamba kosa nililisema kijiweni, na kijiweni ndipo nitakapolifuta. Kesho yake nikafanya hivyo, mbele ya walewale walionisikia, huku nimeshika regulata mkononi. Baadhi walicheka. Wawili waliuliza kama na pikipiki zao zinaweza kupimwa. Moja ilikuwa na ugonjwa huohuo.

Shemeji hakunilaumu sana. Aliniambia tu kwamba kwa wiki tano alikuwa akisubiri nimuulize, maana nilimhukumu bila kuuliza hata mara moja. Kisha akataka kujua mita inauzwa wapi. Tulinunua yetu wiki ileile, kwa fedha pungufu ya bei ya betri moja. Inakaa chini ya kiti, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Pikipiki imerudi kulala stoo kwake, na ufunguo wa kufuli anao yeye.

Basi, ndugu msomaji, asubuhi starta ikigoma, usikimbilie dukani, na usimtazame vibaya aliyelala na chombo. Pima betri ikiwa imetulia, pima injini ikiwaka, pima pikipiki ikiwa imezimwa. Ukishapata namba hizo tatu, utajua wa kumlaumu.